Kujionyesha si kujiuza
Maneno kwa vijana wa Oicha wanaotafuta kazi



Tuko wengi hapa wenye diplome ndani ya farde na bado hatuna kazi. Wengine walikuwa na shamba la kakao, lakini leo hawalifikii tena kwa sababu ya mauaji. Tangazo moja la kazi likibandikwa, dosie zinajaa meza. Na swali la kwanza ni lilelile: "Uko na mutu ndani?"

Leo tuongee mambo mawili: namna ya kujionyesha mbele ya mwajiri, na mpaka ambao hatutauvuka hata tukiwa na njaa ya kazi.

Tuanze na CV. Anayezisoma yuko na nyingi mbele yake, kwa hiyo kurasa mbili zinatosha. Usijaze maneno kama "mwaminifu, mwenye nguvu, mwenye bidii", kila mtu anayaandika. Andika ulichofanya. Usiseme tu "nilifanya biashara". Sema: "Nimeendesha kabini ya kutuma pesa kwa simu miaka 2, na kila jioni nilifunga hesabu." Wewe uliyepima kakao kwenye depo, wewe uliyefundisha watoto wa wahamiaji, wewe uliyeshika kasha la kikundi cha akiba: hiyo yote ni kazi. Iandike, na uweke muda uliyoifanya.

Halafu tafuta ushahidi. Omba barua yenye sahihi kwa yule uliyemtumikia, na uiombe sasa, maana kwetu watu wanahama usiku mmoja tu. Weka majina ya watu watatu wanaojua kazi yako, wenye simu inayoita. Uwaambie mbele, wasishituke wakipigiwa.

Barua ya kuomba kazi isiwe moja kwa kila mahali. Soma tangazo mara mbili: namba yake, tarehe ya mwisho, na wanachotaka. Wakitaka mtu anayesema Kinande na Kifaransa, na wewe unazisema, ijibu hiyo waziwazi. Piga dosie yako picha safi, uifanye faili moja ya PDF yenye jina lako. Na anwani ya email iwe jina lako pia. Ile ya utani uliyofungua ukiwa sekondari, uwaachie marafiki.

Tutafute wapi? Jiandikishe ONEM, ofisi ya taifa ya kazi. Angalia matangazo kwenye mediacongo.net na kwenye kuta za ofisi. Lakini tusingoje ONG peke yake. Farmasi, garaji, shule, depo za kakao, atelie za mbao mara nyingi hazibandiki kitu. Nenda mwenyewe, saa ambayo hakuna wateja wengi. Sema kwa dakika moja: "Shikamoo mama. Mimi ni fulani, wa kartie fulani. Najua kushika stoki na kufunga hesabu. Kama munahitaji mutu, naomba munijaribu." Uache karatasi moja yenye namba yako, na urudi kisha wiki mbili. Wakikuita kwa mahojiano, uwe na mfano mmoja tayari: shida ilikuwa nini, ulifanya nini, ikaisha namna gani.

Sasa ule mpaka.

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, vijana wengi wa huku kwetu walipata kazi kwenye riposte. Tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti yake. Ilitaja washukiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, na 21 kati yao walikuwa wametumikia OMS. Wanawake wengi walieleza kwamba waliahidiwa kazi, ao kubakizwa kazini, kwa bei ya mwili wao. Hawa dada hawakukosa CV nzuri. Walikuta mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mmoja. Basi tusimuulize dada, "Kwa nini ulikubali?" Tumuulize yule mkubwa, "Nani alikupa ruhusa ya kuuza kazi?"

Kwa hiyo tushike haya. Kazi hailipiwi: si "kahawa", si mshahara wa mwezi wa kwanza. Mahojiano ni ofisini na mchana, si kwenye chumba cha hoteli. Mwambie rafiki unapoenda na saa ya kurudi. Mtu akikuomba pesa ao mwili, usifute ujumbe wake: shika tarehe, fasi na maneno aliyosema, na umwambie mtu unayemwamini. Unyanyasaji wa kingono wa aina hiyo unaadhibiwa na sheria yetu tangu 2006.

Na ukipata kazi, omba mkataba wa maandishi. Kwa wale wa kulipwa kwa siku, wajurnalie, mujue hii: Sheria ya Kazi ya 2002 inasema kama umeshatumika siku 22 ndani ya miezi 2, na wakikuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba huo unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Njo maana wengine wanakusimamisha siku ya 21. Andika siku zako kwenye daftari.

Wale kati yetu wenye kazi tayari, tusifunge mlango nyuma yetu. Tangazo ukiliona, tuma picha yake kwa wengine, usilifiche kwa ajili ya binamu.

Mtu mmoja akikataa kulipa, wanachukua anayefuata kwenye mstari. Tukikataa sisi wote, hawana wa kumuuzia. Kwa hiyo, kabla ya kutoka hapa, tukae wawili wawili: kila mmoja asome CV ya mwenzake na amwambie ukweli. Na kwa kila mwajiri wa Oicha tuombe jambo moja: majina ya waliochukuliwa, na alama zao, yabandikwe palepale tangazo lilipobandikwa.