Maana ya Neno "Kutii"

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Nimetakiwa niseme machache juu ya neno moja ambalo kalamu zetu huliandika kila siku, nalo ni kutii. Twaandika, "Watu watii sheria," kisha twapiga mhuri. Lakini ni wachache waliokaa na kulipima neno lenyewe.

Kiswahili kina njia nyingi za kulisema jambo hili. Mtoto husikia la mzazi. Ndipo wazee wakanena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Muumini hushika amri za dini yake. Msafiri hufuata njia. Neno kutii tumelipata kwa Waarabu, na katika lugha yao shina lilo hilo huzaa maneno ya hiari na kujitolea. Basi aliyetii si aliyeburutwa, ni aliyekubali. Alipaye kodi kwa kuwa askari yu mlangoni ameogopa tu, hajatii bado. Askari akienda zake, utii nao umekwenda.

Neno sheria nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya kale ni njia iendayo majini. Kwa hiyo usemi wetu, kufuata sheria, umekaa vema. Njia ya majini haina bwana mmoja: mkubwa na mdogo huipita, kila mwenye kiu.

Hapa ndipo penye jambo letu. Amri hutoka kinywani mwa mtu. Sheria humfunga hata yeye mwenye kuamuru. Tuseme mkubwa wa ofisi amwambia karani, "Pokea fedha hizi, wala usiandike stakabadhi." Karani akifanya hivyo atajiita mtiifu, kumbe amemtii mtu na kuiasi sheria. Mkataba uliotiwa sahihi London mwezi wa Agosti 1945, ambao kwa huo wakuu wa Wanazi walihukumiwa Nuremberg, ulikata shauri hili: atendaye uovu kwa amri ya mkubwa wake hawi bila hatia kwa sababu hiyo, ingawa adhabu yaweza kupunguzwa. Ikiwa neno hilo liliwapasa wakuu wa majeshi, latupasa na sisi wenye madaftari.

Simaanishi karani awe mbishi. Amri halali na itendwe upesi na kwa adabu. Isiyo halali, na aulize kwa heshima, aombe iandikwe, wala asiitende.

Mwisho, hakuna awezaye kukubali asilolielewa. Mwanakijiji ajapo dirishani na karatasi asiyoweza kuisoma, tukimwambia, "Tii tu," tumempa woga. Tukimsomea na kumweleza kwa maneno mepesi, tumempa nafasi ya kutii. Nafasi hiyo i mikononi mwetu kila asubuhi.