TAARIFA KWANZA, NGOMA BAADAYE

(Hotuba ya Katibu Mwenezi wa tawi kwa wanachama, kuelekea sikukuu ya Uhuru)



Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja hapa na jua hili. Najua jembe linamwita kila mtu, kwa hiyo sitasema mengi. Nataka tuulizane jambo moja tu: taarifa ya maendeleo ya kijiji ni ya nani?

Tarehe 9 Desemba inakaribia, na kila mmoja wetu anajua mambo yatakavyokwenda. Turubai litasimamishwa, viti vitaazimwa shuleni, kwaya ya watoto itaimba. Mgeni rasmi atachelewa kidogo (tumekwisha zoea, hata wapishi wetu siku hiyo hawafuati saa ya ukutani, hufuata saa ya mgeni). Halafu atasimama mtu na karatasi, atamwelekea mgeni, atatupa sisi wenyeji mgongo, na kusoma risala. Humo ndimo tutakamosikia kwa mara ya kwanza boma la zahanati limekula fedha kiasi gani, vituo vya maji ni vingapi, na wananchi wamechanga shilingi ngapi. Mgeni atapiga makofi, nasi tutapiga. Kisha karatasi itatiwa katika bahasha na kupanda gari pamoja na mgeni.

Hapo ndipo penye kasoro, ndugu zangu. Mwenye shamba anaisikia hesabu ya shamba lake kwa kutega sikio mlangoni, wakati anasomewa mtu mwingine.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, imesema wazi kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye madaraka ya juu katika mambo ya kijiji. Mkutano huo ni sisi wakazi wote tuliotimiza miaka 18, mwenye bati na mwenye nyasi. Sisi ndio tunaochagua Halmashauri ya Kijiji yenye watu 15 hadi 25, na sisi ndio wenye uwezo wa kuwaondoa. Tena mkutano huo hapana budi uitwe kila miezi mitatu. Miezi mitatu, ndugu wanachama, wala si kila anapokuja mgeni. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi halmashauri za wilaya zilivyovunjwa mwaka 1972, tukakaa zaidi ya miaka kumi bila hizo, mpaka sheria hiyo ya 1982 ikazirudisha. Kitu kilichowahi kutoweka chaweza kutoweka tena, hata jina lake likabaki ubaoni.

Sasa niitazame hiyo risala yenyewe, kwa maana mimi nimesomea ualimu na siwezi kuiona hesabu nikaipita. Utasikia: “Mradi umefikia asilimia 80.” Asilimia 80 ya nini? Kama ni ya fedha, basi asilimia 80 ya fedha imekwisha tumika. Kama ni ya jengo, basi jengo limebakiza kidogo. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo! Boma laweza kufika kwenye linta likiwa limekwisha kula fedha karibu zote, na bado halina bati, sakafu, milango wala choo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku hawezi kulazwa ndani ya asilimia. Anayesoma taarifa sharti aseme mambo manne: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, kazi iliyokwisha, na kazi iliyobaki. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne ataifuata.

Chukueni maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo: kituo kimoja kihudumie watu 250, na mtu asiende zaidi ya meta 400 kukifikia. Tuseme kijiji kina watu 2,000. Kwa kipimo hicho kinahitaji vituo 8. Risala itasema, “Vituo 8 vimejengwa,” na itakuwa imesema kweli. Lakini ikiwa vituo 3 vimekauka au vimevunjika, vimebaki 5, na kila kimoja kinabeba watu 400. Karatasi haikudanganya, ila mwanamke aliyeamka alfajiri kupanga ndoo yake haimo katika karatasi hiyo. Kwa sababu hii nasema taarifa isomwe mbele ya akina mama kwanza, maana wao ndio wakaguzi wa maji. Wanajua bomba lipi linatoa, lipi linakohoa tu.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia watu wote wa vijijini maji safi ifikapo 1991. Mwaka huo ulifika, na watu wengi mno walikuwa bado wanateka mtoni. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja kubwa ni kwamba mitambo iliyofunguliwa kwa vigelegele haikuwa na mtu wa kuitunza, wala wenyeji hawakuhesabiwa kuwa ndio wenyewe. Leo tunalipia ndoo, na ni haki tulipe, kwa kuwa pampu haitengenezwi kwa maneno. Lakini anayelipia ndoo ana haki ya kujua fedha ya ndoo ilikokwenda.

Wako wanaosema, basi tuache sherehe. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaamuru siku ile iwe ya usafi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa katika kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge pale Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia naye aliziahirisha, zaidi ya shilingi milioni 900 zikaelekezwa katika mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hayo ni mambo ya fedha ya Taifa. Sisi hapa hatuna bilioni ya kuhamisha. Tuna mahindi, jogoo na ngoma zetu wenyewe. Kufuta sherehe ya kijiji hakuongezi hata bati moja. Tena sikukuu ndiyo siku pekee anapokuja hata yule ambaye hajatia mguu mkutanoni tangu azaliwe. Siku kama hiyo ni mali, tusiitupe.

Mnaujua Mwenge wa Uhuru, uliowashwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961 na Luteni Alexander Nyirenda. Katika mbio zake hukagua na kuzindua miradi, na si mara moja magazeti yameandika kwamba kiongozi wa mbio amekataa kuzindua jengo kwa sababu ya kasoro. Tukisoma habari hiyo tunafurahi. Lakini mimi najiuliza: mpita njia wa nusu saa ameuonaje ufa ambao wanaolala karibu nao hawakuuona? Waliuona. Hawakuwa na mahali pa kuusema.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, naomba tawi hili liwahimize wanachama wake, na majirani wasio wanachama, kwa maana bomba halimwulizi mtu kadi yake, wamwombe Mwenyekiti wa Kijiji na Ofisa Mtendaji waitishe Mkutano Mkuu kabla ya sikukuu. Risala isomwe hapo kwanza, msomaji akitutazama sisi. Penye kosa tusahihishe, kisha nakala ibandikwe ubaoni, na hiyo hiyo, bila kuondolewa neno, ndiyo asomewe mgeni tarehe 9. Na hesabu ya sherehe yenyewe, mchele, sukari na kukodi kipaza sauti, ibandikwe pembeni yake.

Mwenye stakabadhi ya mchango wa zahanati aje nayo mkutanoni. Na yule aliyechanga asipewe stakabadhi aje pia, tena akae mbele.