Msimamizi Si Karani wa Mahudhurio



Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 ikamtwika afisa ustawi mzigo mzito. Lakini yeye husikilizwa na nani? Afisa aliyetoka kumhoji mtoto aliyepigwa, tuseme hapa Mbegani au Kaole, akirudi ofisini huulizwa daftari la mahudhurio na risiti ya nauli (naam, hata ya bodaboda!). Usimamizi huo haumlindi mtoto. Ukaguzi wa ghafla uendelee, maana uzembe upo. Ila mkuu wa kazi amtengee afisa saa moja kila juma, mlango umefungwa, wapitie mashauri jalada kwa jalada: lipi limekwama, lipi linamnyima usingizi, lipi apewe mwenzake.