Wenzo wa Kasi kwa Michezo ya Anga za Juu: Uchaguzi, Utegaji na Haki ya Mnunuzi



Mada niliyopewa leo inahusu wenzo wa kasi unaotumika katika michezo ya kompyuta ya kuendesha vyombo vya anga za juu. Huenda wapo watakaosema kuwa jambo hili ni anasa ya vijana, wala halistahili muda wa ofisi ya umma. Hata hivyo, kifaa hiki huagizwa kutoka ng'ambo, bei yake hufika mamia ya maelfu ya shilingi, na mara nyingi mzazi au kijana hukilipia kabla hajakigusa. Penye fedha nyingi na maarifa machache, hapo ndipo mtumiaji hupunjika.

Wenzo wa kasi ni mpini unaosukumwa mbele na kuvutwa nyuma kwa mkono wa kushoto, ilhali mkono wa kulia umeshika fimbo ya kuelekezea chombo. Faida yake ni kwamba hubaki pale ulipouacha. Kitufe cha kompyuta hujua hali mbili tu, kubonyezwa na kuachwa. Kijiti cha pedi ya gemu hurudi katikati kidole kinapotoka. Wenzo hushika robo ya kasi, nusu ya kasi au kasi yote bila kumchosha mchezaji.

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuuliza, "Upi ni bora?" kabla ya kuuliza, "Utatumika katika mchezo gani?" Nitatoa mifano miwili. Katika Elite Dangerous, mchezo uliotolewa mwaka 2014 na Frontier Developments ya Uingereza, chombo huweza kwenda mbele na pia kurudi nyuma. Tena hugeuka kwa wepesi zaidi kinapokuwa karibu na nusu ya kasi yake, eneo ambalo kipimo cha mwendo hulionyesha kwa rangi ya buluu. Mchezaji wa aina hii hufaidika na wenzo wenye kijino katikati, kinachokwama kidogo ili mkono ujue kituo bila macho kutazama.

Sasa tazameni Kerbal Space Program, ambao ulianza kutolewa mwaka 2011. Humo mchezaji huunda roketi na kuirusha. Nguvu ya injini huanzia 0 na kuishia asilimia 100, wala hakuna kurudi nyuma. Mtu anayeshusha chombo taratibu juu ya mwezi huhitaji kupunguza nguvu kidogo kidogo, na kijino cha katikati humkwamisha. Kwa hiyo kifaa kile kile humfaa mmoja na kumsumbua mwingine. Muulizeni muuzaji kama kijino kipo, na kama kinaweza kuondolewa.

Kumbukeni pia kwamba anga za juu hazina hewa. Katika michezo mingi ya namna hii chombo huweza kusogea kushoto, kulia, juu na chini bila kugeuza pua yake. Miendo hiyo huhitaji kijiti kidogo cha kidole gumba juu ya wenzo wenyewe. Asiyekitazama kijiti hicho dukani huenda akalazimika kununua mara ya pili.

Jambo linalofuata ni mashine. Kampuni ya Thrustmaster hutengeneza T.Flight Hotas 4 kwa ajili ya PlayStation na kompyuta, na T.Flight Hotas One kwa ajili ya Xbox na kompyuta. Kwa sura vinafanana sana, na aliyenunua kwa kutazama picha pekee anaweza kujikuta na kifaa ambacho mashine yake haikitambui. Someni maandishi ya boksi, msitegemee umbo. Chunguzeni na mchezo wenyewe: Elite Dangerous uliwahi kuuzwa kwa Xbox One na PlayStation 4, lakini mwezi Machi 2022 watengenezaji wake walitangaza kwamba hawataendelea kuuendeleza katika mashine hizo. Kifaa kinaweza kuwa kizima huku mchezo ulionunuliwa kwa ajili yake ukiwa umeachwa nyuma.

Ndani ya wenzo mna kihisi kinachopima mkono ulipo. Aina moja ni potenshiomita, ambamo kipande kimoja husugua kingine. Kadiri siku zinavyopita, msuguano na vumbi hukichakaza. Aina ya pili hutumia sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, na sehemu zake hazigusani. Hiyo ya pili kwa kawaida hudumu zaidi, ingawa waya, reli na vitufe huchakaa vilevile. Kama tangazo linasema kifaa kina vihisi vya sumaku, ulizeni vimewekwa wapi, kwani huenda vipo kwenye fimbo na visiwepo kwenye wenzo.

Ndugu zangu, nakuja kwenye kiini cha maneno yangu. Siku ya kwanza ya kumiliki kifaa iwe siku ya kukipima, kabla ya siku ya kucheza. Kichomekeni moja kwa moja kwenye tundu la USB la kompyuta, bila kupitia kigawio kisicho na umeme wake. Kwa wanaotumia Windows, bonyezeni kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andikeni joy.cpl, kisha fungueni sifa za kifaa. Mtaona alama inayosogea kila mnaposogeza wenzo.

Fanyeni majaribio manne. Kwanza, sukumeni wenzo hadi mwisho na mvute hadi mwanzo. Alama ifike ncha zote mbili. Pili, usogezeni polepole sana. Alama isogee bila kuruka. Tatu, uacheni robo, nusu na robo tatu ya njia, alama itulie. Nne, bonyezeni kila kitufe na mtikise waya taratibu, kifaa kisikatike. Rekodini majaribio hayo kwa simu, skrini na mkono vikionekana pamoja.

Baada ya hapo ingieni katika mchezo. Ikiwa chombo kinarudi nyuma mnapovuta wenzo hadi mwisho, huo si ubovu. Katika Elite Dangerous yapo mapendeleo mawili: safu nzima ya wenzo, ambapo katikati ni kusimama, au kwenda mbele tu, ambapo kurudi nyuma hupewa kitufe chake. Ikiwa mnasukuma mbele na kasi inapungua, geuzeni mhimili katika mipangilio. Mambo haya hurekebishwa kwa dakika chache, na kumrudishia muuzaji kifaa kwa sababu hiyo ni kumwonea.

Kipimo cha kutofautisha ni hiki: wenzo ukitulia katika ukurasa wa Windows lakini ukavurugika ndani ya mchezo, tafuteni sababu katika mipangilio. Alama ikirukaruka katika ukurasa wa Windows wenyewe, jaribuni tundu jingine na kompyuta nyingine. Ikiendelea kuruka, kifaa kina hitilafu.

Hapa nawatahadharisha. Michezo mingi huruhusu kuweka eneo lisilosikia, yaani sehemu ndogo ya njia ya wenzo ambayo mchezo huipuuza. Eneo dogo ni jambo la kawaida. Lakini muuzaji akiwaambia mlipanue ili kuficha mruko, anawaomba mfunike kidonda bila kukitibu. Leo mtapuuza sehemu ndogo, mwezi ujao kubwa zaidi, na siku kihisi kitakapokufa kabisa, muda wa waranti utakuwa umekwisha. Kifaa kinachodai eneo hilo liongezwe kila mara kirudishwe mapema.

Ili kirudi, pawepo ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daini risiti ya EFD, hifadhini kadi ya waranti na boksi, na muombeni muuzaji aandike jina kamili la kifaa na mashine aliyosema kitafanya nayo kazi. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Zanzibar ina sheria na tume yake. Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yasiwafumbe vinywa endapo mliuziwa kitu kwa maelezo yasiyo kweli.

Anayeagiza kutoka nje kupitia wakala aulize kabla ya kulipa: nani atagharamia kukirudisha, na ushuru na kodi vimo ndani ya bei au la? Majibu yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Anayenunua kifaa kilichokwisha kutumika, iwe Kariakoo au kwa mtu binafsi, aende na kompyuta mpakato na kufanya majaribio yale manne kabla fedha haijatoka mfukoni. Muuzaji mwaminifu hataudhika kwa kungoja dakika kumi.

Kwa wazazi ninaongeza neno moja. Msinunue kwa kushtukiza ili kumfurahisha mtoto. Mketi naye, mwulize anacheza mchezo gani, kwa mashine gani, na awaonyeshe mahali pa mipangilio. Mazungumzo hayo hayana gharama, na yanaweza kuokoa fedha ambayo ingegeuka mapambo juu ya kabati.