Bwana Msa Aje Kwenye Ngoma

Leo nina ombi kwa waandishi wetu: tuandikieni kisa cha upelelezi cha kwenye ngoma.

Huko Uingereza kuna riwaya za upelelezi ambazo mauaji yake hutokea kwenye majumba ya maigizo, na msomaji hucheka mpaka ukurasa wa mwisho. Simon Brett, aliyewahi kuwa mtayarishaji wa vipindi BBC, alianza mwaka 1975 kuandika visa vya Charles Paris, mwigizaji mlevi asiye na kazi ya kudumu. Kila akipata nafasi ya kuigiza, mtu anauawa, na yeye ndiye anayefumbua. Kinachochekesha ni wasanii wenyewe: wivu, majivuno, ugomvi wa nani atangulie jukwaani.

Sasa niambie, hayo sisi hatuna?

Mpelelezi tunaye zamani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Ndimo alimotuletea Bwana Msa na kiko chake, na Najum mwenzake, ambaye kila akidhani ameshaelewa anakuta ameachwa nyuma. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, watu wanasema ni mizimu. Bwana Msa anavuta kiko, anauliza maswali, anamtafuta binadamu. Abdulla alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, na mimi naamini jicho lile la kuchungulia nyua za watu ndilo lililomzaa Bwana Msa.

Na jukwaa? Panda gari la Kisesa, teremkia Bujora, msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa Juni. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na manju wake, kiongozi wa nyimbo. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Umati unahama hivi, unarudi vile. Huyu anatoa chatu, yule anatoa kinyago kinachotingisha kichwa. Na chini ya yote kuna dawa: nani kaenda kwa mganga gani, nani kamfunga mwenzake sauti. Ushindani huu ni wa tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili waliokuwa mahasimu.

Hebu fikiri manju anapoteza sauti katikati ya wimbo. Wenzake wanasema karogwa. Mpelelezi anaomba kuonyeshwa kibuyu alichonywea. Watuhumiwa ni wapiga ngoma, mke mdogo, mfadhili aliyeahidi ng'ombe, na kijana wa nyuma anayejua nyimbo zote kwa moyo.

Kisa hicho kianzie redioni. The Mousetrap, tamthilia ya Agatha Christie inayochezwa London tangu mwaka 1952, ilianza kama mchezo mfupi wa redio mwaka 1947. Na sisi tuliolelewa na Pwagu na Pwaguzi wa redioni tunajua sauti mbili zinavyoweza kujaza nyumba nzima.

Viongozi wa vikundi vya ngoma hapa Mwanza, mwandishi akija na daftari lake mazoezini, mpeni kigoda akae karibu na wapiga ngoma. Wale ndio wanaojua siri zote za kikundi.