Mbu Sugu na Dawa ya Chandarua

Usugu wa mbu dhidi ya dawa ni uwezo wake wa kupona baada ya kugusa kiwango cha sumu kilichokuwa kikimuua zamani. Hauji kwa mbu mmoja mmoja kuizoea dawa. Katika kundi lolote wapo wachache wanaozaliwa na vinasaba vinavyostahimili sumu. Dawa ikipita, wenzao hufa, wao hubaki na kuwarithisha watoto kinga hiyo. Na kwa kuwa mbu hukua na kuzaa ndani ya wiki chache, miaka michache yatosha kundi zima kuwa sugu.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa pairethroidi, dawa zilizobuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Huua mbu upesi na madhara yake kwa binadamu ni madogo, ndiyo maana kwa miaka mingi hazikuwa na mwenzake kwenye vyandarua. Dawa za jamii hiyo hiyo hunyunyiziwa pamba na mboga, na mabaki yake huweza kufika kwenye madimbwi wanamokulia viluwiluwi. Hivyo mbu hukutana nazo nyumbani na shambani.

Usugu huo una njia kuu mbili. Ya kwanza iko kwenye neva. Pairethroidi huzuia milango ya sodiamu ya neva isifunge, mbu akapooza na kufa. DDT, dawa nyingine ya kuua wadudu, hupiga pahali hapo hapo. Milango hiyo ikibadilika umbo, dawa zote mbili hupungua nguvu. Njia ya pili ni vimeng'enya vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Mbu sugu huvitengeneza kwa wingi.

Kutojua usugu uliopo kuna gharama. Mwaka 1996 Afrika Kusini iliacha kupulizia DDT majumbani ikahamia pairethroidi. Mbu aina ya Anopheles funestus, aliyekuwa ametokomezwa huko, alirejea jimboni KwaZulu-Natal akiwa sugu kwa dawa hizo mpya. Mwaka 2000 wagonjwa wa malaria nchini humo walizidi 60,000. Usugu wa mbu huyo ulitokana na vimeng'enya, si milango ya neva, kwa hiyo DDT bado ilimuua. Iliporudishwa, pamoja na dawa mseto ya kutibu wagonjwa, malaria ilishuka.

Tanzania imechangia sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu suluhisho. Wilayani Muleba, mkoani Kagera, watafiti walijaribu vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na piperonili butoksidi, kemikali inayovifunga vimeng'enya vya mbu. Baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 31, dhidi ya 55 kwenye vyandarua vya kawaida. Wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, vilijaribiwa pia vyandarua vyenye pairethroidi na klorofenapiri, dawa inayokata nishati ndani ya seli za mbu. Vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu kali. Silaha yake inakuwa kifo chake. Baada ya miaka miwili, maambukizi kwa watoto yalikuwa asilimia 26 hivi, dhidi ya 46 kwenye vyandarua vya kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo.

Hata hivyo, klorofenapiri ikitegemewa peke yake kila mahali, nayo itazaa usugu wake. Tangu mwaka 2012 shirika hilo linahimiza kubadilisha au kuchanganya dawa za makundi tofauti, na kupima mbu mara kwa mara. Kipimo si kigumu: mbu huwekwa kwa saa moja kwenye karatasi yenye dawa, kisha waliokufa huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika.

Wajibu huo hauishii kwa wizara za afya. Wizara za kilimo nazo zapaswa kuamua pamoja nazo dawa zipi zitumike shambani, kwani mbu wa dimbwi la bustani ndiye huyo huyo anayeingia chumbani. Na wananchi wasiache kulala ndani ya chandarua eti mbu ni sugu. Chandarua kisichotoboka bado ni ukuta kati ya mbu na mtu aliyelala.