Tusingoje Nyumba Ivunjike

(Hotuba kwa wanachama wa Turwa, Tarime)



Twajua sote kwamba nyumba ikikosa unga, maneno huwa mengi. Mume hana kazi, mke atoka shambani amechoka, mtoto ahitaji daftari. Jambo dogo lageuka ugomvi. Je, hilo ni shauri la wawili hao peke yao? Sisi twasema sivyo. Watoto wanaotawanyika ni watoto wa taifa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliona hivyo. Iliagiza kila kata iwe na baraza la usuluhishi wa ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe 2 hadi 5. Kwa kawaida talaka haiombwi mahakamani kabla shauri halijapita barazani. Kifungu cha 66 chakataza mume au mke kumpiga mwenziwe. Ni mema hayo. Lakini baraza huitwa moto umekwisha kushika paa.

Basi watu wafundishwe mapema? Naam, lakini tutazame wenzetu. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 2006, ilitenga dola milioni 150 kila mwaka kwa mafunzo ya ndoa na malezi ya baba. Mpango mmoja ulipimwa katika sehemu 8, kwa jozi zaidi ya 5,000 za wazazi wasiooana. Baadhi yao hawakufika darasani. Baada ya miaka 3, kwa jumla, waliopewa nafasi ya kufunzwa hawakudumu pamoja kuliko wenzao.

Maneno matamu hayajazi chungu. Kwa hiyo twadai mambo matatu.

Kwanza, mafunzo yafuatane na riziki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo ukitolewa, mume na mke waketi pamoja wafunzwe hesabu ya nyumba na haki zao.

Pili, wajumbe wa baraza wafundishwe kazi yao kwa fedha ya umma.

Tatu, usuluhishi usiwe kamba ya kumrudisha mke kwenye kipigo.

Ndugu zangu, tulipeleke dai hili kwa diwani wetu, kwa umoja, wala tusichoke mpaka tujibiwe.